Mfupa Watoka Wapi?

Shangazi yangu wa Likoni, Mombasa, ana kuku mwekundu asiyekubali kusogezwa akishaanza kuatamia. Safari hii alilalia mayai kumi na mawili ndani ya karai bovu nyuma ya jiko. Usiku wa siku ya nne nilimwomba shangazi anichomolee moja, tukazima taa, nikalishika yai ngumini na kulimulika kwa tochi ya simu. Ndani ya mwanga ule wa rangi ya chungwa ilionekana mishipa myembamba ya damu, imetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati yake kidoa chekundu kinadundadunda. Moyo.

Shangazi alikaa kimya, kisha akasema: "Mie nafuga kuku tangu sijaolewa. Ukivunja yai wakuta ute na kiini. Hamna mfupa, hamna unyoya, hamna ukucha. Siku ya ishirini na moja chatoka kitu kina macho na mdomo, chalia. Haya, msomi wetu, mfupa watoka wapi?"

Nilifungua mdomo nikajikuta sina la kusema kwa Kiswahili. Habari hizi tulifundishwa kwa Kiingereza, tukazikariri kwa Kiingereza, tukaziacha kwenye karatasi ya mtihani. Nimekaa nalo swali lake zaidi ya wiki mbili. Haya ndiyo niliyomrudishia, pamoja na machache niliyoona yatamchosha.

Si yeye wa kwanza kuuliza. Aristotle, miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu iliyopita, alikuwa akivunja mayai ya kuku ya siku mbalimbali ili aone kinachotangulia kutokea, naye pia alikiona kidoa kile cha damu kinachocheza. Baadaye walikuja wataalamu wa Ulaya walioamini kwamba ndani ya yai, au ndani ya mbegu ya kiume, mna kiumbe kamili kilichojikunja, kidogo mno, kinachongoja kuvimba tu. Ni jibu rahisi, na ni la uongo. Mfupa haumo. Kinachokuwamo ni uwezo wa kuufanya.

Kwanza tuondoe utata wa neno. Kile cha njano tunachokiita kiini ni chakula tu, akiba ya safari. Kifaranga hutokana na kidoa cheupe kilichokaa juu ya ile njano, kidogo kama punje ya mtama. Yai likitagwa, ikiwa jogoo alipita, kidoa hicho tayari kina makumi ya maelfu ya seli. Ndani ya kila seli nako mna kiini, kiini cha seli, na humo ndimo jeni zilimo. (Lugha yetu imelipa neno moja kazi mbili, msomaji anivumilie.)

Jeni ni kipande cha DNA, ule uzi wa urithi, kinachobeba maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Binadamu ana jeni za namna hiyo kama 20,000, zimegawanyika katika kromosomu 46, yaani vifurushi vya uzi huo, na uzi wote wa DNA wa seli moja ukinyooshwa hufika kama mita mbili. Karibu kila seli ya mwili wako inayo nakala nzima. Seli ya ini ina jeni za kutengeneza jicho. Seli ya jicho ina jeni za ini. Hapo ndipo swali la shangazi linapozidi kuwa gumu: ikiwa wote wamepewa maelekezo yaleyale, kwa nini huyu awe mfupa na yule awe unyoya?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba seli ikishachagua kazi hutupa jeni isizozihitaji. Mwingereza John Gurdon alilijaribu wazo hilo kwa vyura. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura lililoharibiwa kiini chake, na matokeo aliyoyatangaza mwaka 1962 yalikuwa vyura wazima. Kumbe seli ya utumbo haikutupa kitu. Mwaka 1996 jambo hilohilo lilifanyika Scotland kwa seli ya kiwele cha kondoo, akazaliwa kondoo aitwaye Dolly. Kwa hiyo tofauti kati ya seli na seli ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Na nani anayewasha? Protini. Zipo protini ambazo kazi yake ni kuukalia uzi wa DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Protini hizo nazo zimetengenezwa na jeni, ambazo ziliwashwa na protini nyingine zilizotangulia, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi kwenye yai. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliwasha jeni moja tu, iitwayo MyoD, ndani ya seli za kawaida za tishu unganishi, na seli zile zikageuka kuwa za msuli. Swichi moja, na nyuma yake mamia ya nyingine zinazoitika.

Watu hupenda kusema DNA ni ramani ya mwili, kama ile ya msanifu majengo. Mimi naona mfano huo unapotosha kuliko unavyosaidia. Ramani ya nyumba inaonyesha chumba kilipo. Kwenye DNA hakuna mahali palipochorwa mkono. Mfano ulio karibu zaidi tunao wenyewe, ufukweni. Fundi wa jahazi wa jadi hakuwa na mchoro. Alilaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akasimamisha omo mbele na tezi nyuma, halafu ubao wa kwanza ukapimwa kwa mkuku, wa pili ukapimwa kwa wa kwanza, na taruma, yaani ubavu wa chombo, likachongwa lifuate mbao zilizokwisha kukaa. Umbo zima la chombo halikuwa limeandikwa popote. Lilitokana na utaratibu wa nini hufuata nini. Ila jahazi lilikuwa na fundi, na kiinitete, kiumbe kinachoumbika ndani ya yai au tumboni, hakina: mbao zenyewe ndizo zinazoambiana.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Basel, Uswisi, mwaka 1995. Kundi la Walter Gehring lilichukua jeni ya panya inayoanzisha utengenezaji wa jicho, likaiwasha mahali pasipo pake kwenye mwili wa nzi wa matunda. Nzi wale waliota macho miguuni na kwenye mabawa. Na macho yenyewe yalikuwa ya nzi, yenye vijisehemu vingi vinavyometameta, wala si ya panya. Jeni ile haikubeba picha ya jicho. Ilisema tu "hapa jicho," na seli za nzi zikajibu kwa ujuzi wao wa kinzi.

Basi mkuku hulazwaje? Kwa nzi, mama mwenyewe hutia alama. Kabla yai halijatoka hupachika ujumbe wa jeni iitwayo bicoid kwenye ncha moja. Ujumbe huo hutoa protini ambayo ni nyingi pale pale nchani na huzidi kupungua kadiri unavyokwenda upande wa pili. Penye nyingi pawe kichwa. Mama akikosa jeni hiyo, mtoto huanza kuumbika akiwa na tezi huku na tezi kule, bila omo. (Tezi ya chombo, si ile ya shingoni.) Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliwachunguza maelfu ya nzi walioharibika maumbo ili kuzitambua jeni za aina hii, wakatunukiwa Nobeli mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis.

Lewis alikuwa na nzi wake wa ajabu, mwenye mabawa manne badala ya mawili, kwa sababu kipande kimoja cha mwili kilijidhania ni jirani yake. Wako pia nzi wenye miguu kichwani, mahali pa vipapasio. Makosa hayo hutokea kwenye jeni za kundi liitwalo Hox, ambazo kazi yake ni kuiambia kila sehemu ya mwili iko wapi katika mstari wa omo hadi tezi. Sisi tunazo 39, zimekaa katika mafungu manne, na jambo ambalo bado hunisisimua ni kwamba zimepangana kwenye kromosomu kwa utaratibu uleule zinavyotumika mwilini: za upande wa kichwa mwanzo, za upande wa mkia mwisho. Nzi anazo, kuku anazo, papa anazo.

Lakini seli moja, iliyobanwa katikati ya wenzake gizani, itajuaje iko wapi? Pita asubuhi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ukiwa umefumba macho. Harufu ya mahamri ikiwa kali, mlango wa mpishi uko hapo. Ikiwa hafifu, umeshaupita au hujaufikia. Seli hufanya hivyo hivyo. Kwenye bawa la kifaranga, likiwa bado kijichipukizi, kuna kiraka cha seli ukingo wa nyuma kinachotoa protini inayosambaa. Seli zilizo karibu hupata nyingi, huwa kidole cha nyuma. Za mbali hupata kidogo, huwa kidole cha mbele. Mwaka 1968 John Saunders na Mary Gasseling walieleza walichokiona walipokikata kiraka hicho na kukipandikiza ukingo wa mbele wa bawa jingine: vidole viliota mara mbili, vikitazamana kama vilivyo kwenye kioo. Seli zilinusa harufu kutoka pande mbili, kila moja ikatii ile iliyo karibu nayo.

Jeni ya protini hiyo ilipatikana mwaka 1993 na ikabatizwa Sonic hedgehog, kwa jina la mhusika wa mchezo wa video. Madaktari wanaolazimika kumweleza mzazi kwamba mwanawe ana hitilafu kwenye jeni yenye jina kama hilo hawajafurahishwa na mzaha huo, na nawaelewa.

Jeni hiyo hutumika pia kwenye ubongo na uti wa mgongo, hivyo ina swichi zaidi ya moja, yaani vipande vya DNA vya kuiwashia, kila moja kwa mahali pake. Ile ya mikono na miguu iko mbali ajabu, kama herufi milioni moja za DNA kutoka jeni yenyewe. Ikiharibika kidogo huweza kuwaka mahali pasipotakiwa, na mtu au paka akazaliwa na vidole vya ziada. Kwa nyoka imechakaa. Mwaka 2016 watafiti waliitoa swichi hiyo kwa panya wa maabara wakamtia ya nyoka, na panya akazaliwa na miguu iliyokatikia karibu kabisa na mwili. Jeni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni swichi. Sehemu kubwa ya tofauti za maumbo ya wanyama ni ya namna hii: maneno ni yaleyale, yanatamkwa mahali na wakati tofauti.

Hata kufa ni kazi. Mguu wa kifaranga huanza kama kasia, vidole vimeunganishwa na ngozi. Kisha seli za katikati ya vidole hupokea ishara ya kujiua, nazo hufa kwa utaratibu, vidole vikaachana. Bata ana protini inayoizuia ishara hiyo isifike, seli zake zikapona, ndiyo maana yeye anaogelea na kuku anachakura.

Wakati nao una uzito wake. Kwa kifaranga, vijipande viwili viwili vitakavyozaa pingili za uti wa mgongo hujikata kila baada ya dakika kama 90, mithili ya saa ya ukutani. Kwa binadamu mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujikunja na kufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba itungwe. Usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku ya 28 mama wengi hawajajua kama wana mimba. Hedhi imechelewa wiki mbili tu. Ndiyo sababu asidi ya foliki, ambayo seli huihitaji kutengeneza DNA zinapogawanyika kwa kasi, hutakiwa iwe mwilini kabla ya ujauzito, mikrogramu 400 kwa siku. Na ndiyo sababu Kenya tangu 2012 imewalazimisha wasagaji kuitia kwenye unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti. Unga wa posho mill ya mtaani hauna. Anayekula huo na anatarajia kushika mimba afadhali aulizie vidonge kliniki.

Seli ikishachagua, hukumbuka. Kumbukumbu hiyo inatembea mbele ya milango yetu kila siku. Paka wa rangi tatu, wale wenye mabaka meusi, ya chungwa na meupe wanaolala juu ya vibaraza vya Mji wa Kale, karibu wote ni majike. Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu X, na jike anazo X mbili. Mapema sana, akiwa bado kiinitete, kila seli yake huizima X moja kwa kubahatisha, na watoto wote wa seli hiyo huendelea kuizima ileile. Ukoo uliozima X yenye rangi ya chungwa hutoa baka jeusi, uliozima ile nyingine hutoa baka la chungwa. (Weupe ni habari ya jeni nyingine.) Mwanzilishi wa wazo hilo alikuwa Mary Lyon, mwaka 1961, aliyeanzia kwa panya. Mwishoni mwa 2001 huko Texas walizalisha paka kutoka kiini cha seli ya paka wa rangi tatu. Alitoka bila rangi ya chungwa hata kidogo. DNA ilikuwa ya yule yule, lakini seli waliyoichukua ilikuwa imeshaizima X ya chungwa, na kumbukumbu hiyo haikufutika.

Kumbukumbu huweza kufutwa, hata hivyo, kwa nguvu. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006 kwamba jeni nne zikiwashwa pamoja huirudisha seli ya ngozi ya panya kwenye hali ya utoto, ikaweza kuwa seli yoyote. Yeye na Gurdon waligawana Nobeli ya 2012.

Kwa watu wa pwani, somo hili la swichi lina jina la ugonjwa: selimundu, ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949, akakuta jeni ya ugonjwa huu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza kwa nini: mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Mwenye nakala mbili ndiye anayeumwa.

Wazazi wengi huapa kwamba mtoto alizaliwa mzima, akaharibikiwa baadaye, na hapo majirani huanza kutafuta wa kulaumiwa. Wazazi wanasema kweli. Akiwa tumboni, mtoto hutumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga, inayojua kuvuta oksijeni kutoka damu ya mama, na jeni yake haina kasoro. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo huzimwa taratibu, ile ya ukubwani inawashwa, na karibu na miezi sita kasoro inajitokeza: vidole vimevimba, mtoto halali. Jeni nzima ya kichanga bado imo. Imezimwa tu, na mzimaji wake mkuu ni protini iitwayo BCL11A.

Dawa ya hidroksiurea huirudisha himoglobini ya kichanga kwa kiasi fulani kwa wagonjwa wengi. Matibabu mapya, yaliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, huenda mbali zaidi: seli shina za damu, zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa, DNA yake hukatwa mahali pamoja, kisha hurudishwa mwilini. Na hawaikati jeni ya BCL11A yenyewe, kwa maana ubongo na kinga ya mwili vinaihitaji. Wanakata swichi yake inayotumika kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu, basi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa mama anayemleta mwanawe na matatu kutoka Mariakani, hiyo bado ni hadithi.

Siku ya ishirini na moja nilirudi Likoni. Vifaranga kumi walikuwa wametoka, mayai mawili yalikuwa viza. Nikampa shangazi jibu lake. Mifupa mingi huanza kama gegedu, laini. Kisha jeni moja, RUNX2, huwashwa ndani ya seli fulani, nazo zinakuwa wajenzi wa mfupa. Panya waliozaliwa bila jeni hiyo, kwenye majaribio ya 1997, walikuwa na mifupa ya gegedu tupu, wakafa palepale kwa kushindwa kupumua.

"Sawa," akasema. "Huyo ni fundi. Chokaa nayo kaitoa wapi?"

Kwenye ganda. Katika nusu ya pili ya siku zile kifaranga huyeyusha ganda kutoka ndani, na sehemu kubwa ya chokaa ya mifupa yake hutoka humo. Shangazi aliinama, akaokota ganda la aliyetoka na kulibonyeza kwa kidole gumba. Likavunjika kama karatasi. Akachukua lile viza, akalibonyeza. Halikuvunjika. Akalibonyeza tena.